Kaburi Bila Jina: Kwa Nini Wapolandi na Waukraine Bado Wanadaiana

Tengeru, nje kidogo ya Arusha na si mbali na ziwa Duluti, kuna makaburi karibu 150 ya watu waliotoka Poland. Hawakuja kulima kahawa wala kuwinda. Walikuwa wakimbizi wa Vita Kuu ya Pili. Kambi ya Tengeru peke yake ilikuwa na watu wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Wenzao walipelekwa Kidugala, Ifunda, Kondoa na Morogoro, na wengine Uganda, huko Masindi na Koja.

Ukiwauliza kwao ni wapi, wengi wangekutajia vijiji vya Volhynia au miji ya Lwów (leo Lviv), Tarnopol (leo Ternopil) na Stanisławów, yaani upande wa mashariki wa Poland ya wakati ule. Kuanzia Februari 1940 polisi wa Stalin waliwagongea milango usiku, wakawapakia kwenye mabehewa ya mizigo na kuwapeleka Siberia na Kazakhstan. Walionusurika na baridi na njaa walitolewa kupitia Iran mwaka 1942, na baadhi yao ndio waliofika kwetu. Vita ilipokwisha hawakuwa na pa kurudi. Nyumba zao zilikuwa zimesimama palepale, lakini palepale sasa pakaitwa Ukraine, ndani ya Umoja wa Kisovieti.

Jirani yao wa zamani, Muukraine aliyebaki kijijini, angesema pale pamekuwa Ukraine siku zote. Wageni walikuwa wale walioondoka. Watu wawili wanaelekeza kidole kwenye kisima kimoja, na kila mmoja anasema babu yake ndiye aliyekichimba. Mara nyingi wote wawili wanasema kweli.

Habari zinapotuambia kwamba Poland, iliyopokea wakimbizi wa Ukraine kwa mamilioni mwaka 2022, inagombana na Ukraine hiyohiyo kuhusu mifupa ya watu waliokufa miaka 80 iliyopita, mgeni wa mambo haya hushangaa. Ili mshangao uishe, inabidi turudi nyuma sana.

Bwana na mkulima

Mwaka 1569, katika mji wa Lublin, Poland na Lithuania ziliungana kuwa dola moja kubwa. Katika mapatano yale mikoa ya Volhynia, Bracław na Kyiv iliondolewa mikononi mwa Lithuania na kuwekwa chini ya taji la Poland. Kwenye vitabu vya shule vya Poland hiyo ni enzi ya dhahabu: dola yenye bunge, mfalme wa kuchaguliwa, na dini nyingi zikiishi pamoja. Yote hayo yalikuwepo. Lakini bunge lilikuwa la makabaila. Mkulima wa Ukraine alichokiona ni mashamba makubwa kama nchi ndogo, na yeye amefungwa kwenye ardhi ya mtu, akifanya kazi ya bwana siku kadhaa kila wiki bila ujira. Bwana alisema Kipolandi na kusali Kikatoliki. Mkulima alisema Kiruthenia, mama wa Kiukraine cha leo, na kusali Kiorthodoksi.

Kwa Kipolandi neno *pan* ni neno la adabu la kila siku, kama sisi tunavyosema Bwana Juma au Bwana Otieno. Kwenye nyimbo na hadithi za Kiukraine neno hilohilo lina uchungu: *pan* ndiye mwenye ardhi, mwenye kiboko. Neno moja, masikio mawili.

Mwaka 1648 uchungu huo ulilipuka. Bohdan Khmelnytsky, mpiganaji wa Wakosaki (jamii za wapiganaji huru wa nyika za Ukraine) aliyesomeshwa na Wajesuiti wa Kikatoliki, aliongoza uasi ulioitikisa dola nzima. Watu waliuawa pande zote. Wayahudi, ambao baadhi yao walikuwa wakiwakusanyia mabwana kodi, waliuawa kwa maelfu mengi. Mwaka 1654 Khmelnytsky akatafuta ulinzi wa mfalme wa Moscow, na mwaka 1667 Poland na Moscow zikaigawana Ukraine kwa kufuata mto Dnipro, upande huu wako, upande ule wangu. Leo sura ya Khmelnytsky iko kwenye noti ya hryvnia tano ya Ukraine. Kwa Wapolandi yeye ndiye aliyeanza kuibomoa nyumba yao, na Moscow ikapata mlango wa kuingilia.

Hapa nataka kuondoa dhana moja inayopotosha, kwamba haya yalikuwa mataifa mawili yaliyochukiana tangu jadi. Mshipi wa taifa ulifungwa baadaye sana. Adui mkubwa wa Khmelnytsky alikuwa mwanamfalme Jeremi Wiśniowiecki, ambaye damu yake ilikuwa ya Kiruthenia, akazaliwa katika ukoo wa Kiorthodoksi, akabadili dini kuwa Mkatoliki. Mwanawe alichaguliwa kuwa mfalme wa Poland mwaka 1669. Kwa kizazi baada ya kizazi, aliyepanda cheo aligeuka Mpolandi na aliyebaki chini akabaki Mruthenia. Waukraine wanaposema Poland iliwala watu wao wakubwa, hawatilii chumvi.

Ndugu wa tumbo moja

Familia ya Szeptycki inaeleza jambo hili kuliko takwimu yoyote. Ilikuwa familia ya kikabaila ya Galicia, eneo lenye mji wa Lviv, yenye asili ya Kiruthenia, iliyokwisha kuwa ya Kipolandi kwa lugha na malezi. Mama yao alikuwa binti wa Aleksander Fredro, mwandishi wa tamthilia anayeheshimika sana Poland. Mwana mmoja, aliyezaliwa mwaka 1865, aliamua kurudi kwenye mizizi ya mababu. Akajiunga na watawa wa Kanisa Katoliki la ibada ya Mashariki, lile la wakulima wa Kiukraine, na mwaka 1901 akawa mkuu wake katika Lviv kwa jina la Andrey Sheptytsky. Ndugu yake Stanisław akawa jenerali wa jeshi la Poland, na mwaka 1923 waziri wa mambo ya kijeshi. Ndugu mwingine, Kazimierz, akamfuata Andrey utawani kwa jina la Klymentiy. Alifia katika gereza la Kisovieti mwaka 1951.

Wapolandi na Waukraine walipopigana mwaka 1918, ndugu hawa walikuwa pande mbili. Mmoja alikuwa mnadhimu mkuu wa majeshi ya Poland, mwingine baba wa kiroho wa watu waliokuwa wakipigwa na majeshi hayo. Nani kati yao alikuwa msaliti? Wapolandi wengi walimwita Andrey msaliti. Waukraine walimwona kuwa ndiye pekee aliyerudi nyumbani. Mimi naona kila mmoja alichagua, na kwamba kuchagua huko kuliwezekana ndiyo dalili kubwa ya jinsi mataifa haya yalivyosukwa pamoja. Hata nyimbo zao za taifa zinaanza kwa maneno yanayokaribia kuwa yaleyale: Poland bado haijapotea, Ukraine bado haijafa.

Mji mmoja, vijiji vyote

Poland ilifutwa kwenye ramani kati ya 1772 na 1795, ikagawanywa na Urusi, Prussia na Austria. Ilipofufuka Novemba 1918 swali likawa: inaishia wapi?

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba askari wa Kiukraine waliuteka mji wa Lviv na kutangaza jamhuri yao. Mji wenyewe ulikuwa na Wapolandi wengi zaidi, wakifuatiwa na Wayahudi. Waukraine walikuwa wachache. Ukitoka nje ya mji tu, vijiji vilikuwa vya Kiukraine. Ukihesabu mji, Poland ina haki. Ukihesabu nchi inayouzunguka, Ukraine ina haki. Vijana wa Kipolandi, wengine watoto wa shule, walichukua bunduki kuutetea mji; walioanguka wanaitwa Tai Wadogo na wamezikwa katika makaburi ya Lychakiv. Kufikia Julai 1919 Poland ilikuwa imeshinda.

Mwaka uliofuata likatokea jambo ambalo wengi hulisahau. Józef Piłsudski, kiongozi wa Poland, alifunga mkataba na Symon Petliura, kiongozi wa Ukraine iliyokuwa ikizama, wakapigana bega kwa bega dhidi ya Wabolsheviki, wakomunisti wa Urusi. Mei 1920 waliingia Kyiv pamoja. Wabolsheviki walipogeuza mashambulizi hadi lango la Warsaw, jenerali wa Kiukraine, Marko Bezruchko, aliutetea mji wa Zamość kwa ajili ya Poland. Kisha Machi 1921, katika mji wa Riga, Poland ikakaa mezani na Wabolsheviki, ikaigawana Ukraine nao, na mshirika akaachwa mlangoni. Piłsudski mwenyewe aliona aibu. Alikwenda kwenye kambi walikozuiliwa askari wa Petliura, akawaambia: nawaomba radhi, mabwana.

Waukraine kiasi cha mtu mmoja kati ya kila saba wakawa raia wa Poland mpya. Waliahidiwa haki na hawakuzipata. Shule za Kiukraine ziligeuzwa za lugha mbili, na kwa vitendo zikawa za Kipolandi. Mashamba Volhynia yaligawiwa maveterani wa jeshi la Poland huku wakulima wa pale wakiwa na kiu ya ardhi. Baadhi ya maveterani hao na familia zao ndio waliopelekwa Siberia, na wengine kati yao ndio tunaowakuta Tengeru. Mwaka 1930, kujibu uchomaji wa mali, polisi na jeshi waliingia katika mamia ya vijiji, wakawachapa watu viboko na kuharibu maghala na vyumba vya kusomea. Mwaka 1938, katika eneo la Chełm, serikali ilibomoa makanisa ya Kiorthodoksi yanayopita 100.

Vijana waliokulia katika hali hiyo walichoka na wabunge wao waliokuwa wakibembeleza. Chama cha siri cha wazalendo wa Ukraine, OUN, kilikuwa kimeundwa Vienna mwaka 1929, na kilichagua bastola. Mwaka 1931 kilimuua Tadeusz Hołówko, na hilo ni jambo la kutafakari, kwa sababu Hołówko alikuwa mwanasiasa wa Kipolandi aliyetaka maelewano na Waukraine. Mwaka 1934 kikamuua waziri wa mambo ya ndani, Bronisław Pieracki. Miongoni mwa waliohukumiwa alikuwemo kijana wa miaka 27, Stepan Bandera. Hukumu ya kifo ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha.

Julai 1943

Hapa sitapita haraka.

Vita ilipoanza 1939 Volhynia ilitawaliwa kwanza na Wasovieti, halafu kuanzia 1941 na Wajerumani. Mwaka 1942 karibu Wayahudi wote wa mkoa waliuawa kwenye mashimo nje ya miji yao, mbele ya macho ya majirani. Polisi wa Kiukraine waliokuwa chini ya Wajerumani walishiriki. Masika ya 1943 maelfu ya polisi hao walitoroka na silaha zao wakaingia msituni, katika jeshi jipya la OUN ya mrengo wa Bandera lililoitwa UPA. Walikuwa wamekwisha kuona jinsi watu wa kijiji kizima wanavyoweza kutoweka kwa siku moja.

Baada ya Wajerumani kushindwa Stalingrad, wakuu wa UPA walipiga hesabu: Ujerumani na Urusi zitachoshana kama mwaka 1918, na ardhi itabaki ya atakayewahi. Jeshi la siri la Wapolandi lilipiga hesabu hiyohiyo, na serikali yao iliyokuwa uhamishoni haikukubali kuachia hata shubiri moja ya mipaka ya 1939. Kwa hesabu hiyo ya nani atamiliki, mkuu wa UPA Volhynia, Dmytro Klyachkivsky, na wenzake waliamua kuwaondoa Wapolandi. Si wanajeshi peke yao. Wote.

Julai 1943 uongozi wa siri wa Poland ulimtuma mshairi na ofisa wake, Zygmunt Rumel, aliyelelewa Volhynia na aliyeipenda Ukraine, kwenda kuzungumza na UPA. Alikwenda bila ulinzi ili kuonyesha imani. Tarehe 10 Julai waliuawa yeye na mwenzake, na pamoja nao mwendesha mkokoteni wao. Kesho yake, Jumapili, vijiji karibu 100 vilishambuliwa kwa siku moja. Watu walikutwa kanisani, misa ikiendelea, kama pale Poryck na Kisielin. Wengi waliuawa kwa mashoka, uma za kuzolea nyasi na mundu, vifaa vya shambani ambavyo kila nyumba inavyo. Ndiyo maana kumbukumbu ya Wapolandi kuhusu Volhynia haifanani na kumbukumbu yao juu ya Wajerumani. Mjerumani alikuja na sare na bunduki. Huyu alikuwa jirani, unamjua jina, pengine alikuwa msimamizi wa mtoto wako kwenye ubatizo.

Wanahistoria wengi wa Poland wanakadiria kwamba katika Volhynia na Galicia ya Mashariki, hadi mwaka 1945, waliuawa Wapolandi wapatao 100,000, zaidi ya nusu yao Volhynia. Wapolandi nao walilipiza. Sahryń, Machi 1944, na Pawłokoma, Machi 1945, ni majina ambayo kila Muukraine wa eneo lile anayajua: wanakijiji wa Kiukraine, wanawake na watoto wakiwemo, waliuawa na vikosi vya Kipolandi. Waukraine waliouawa na Wapolandi katika miaka ile wanakadiriwa kufika 10,000 hadi 20,000. Hesabu hizi hazilingani na hazipaswi kulazimishwa zilingane. Upande mmoja ulikuwa na mpango wa kusafisha mkoa mzima, upande wa pili ulikuwa na kisasi, mara nyingine dhidi ya watu wasio na kosa lolote. Lakini mtoto wa Pawłokoma hakufa kidogo kuliko mtoto wa Poryck.

Na walikuwepo Waukraine waliowaficha Wapolandi darini na ghalani, au waliopita usiku kuwaambia kimbieni. Wengine waliuawa na watu wao kwa kosa hilo. Sheptytsky, akiwa mzee aliyepooza kwenye kiti, alikuwa ametoa waraka mwezi Novemba 1942 kwa waumini wake akiwakumbusha amri ya usiue. Haukutosha.

Mabehewa tena

Wasovieti walirudi 1944 na kulimaliza jambo kwa njia waliyoizoea. Mipaka ilisogezwa magharibi. Wapolandi karibu 800,000 wakahamishwa kutoka Ukraine kwenda Poland, na Waukraine karibu 480,000 kutoka Poland kwenda Ukraine. Machi 1947 jenerali wa Poland, Karol Świerczewski, aliuawa kwenye shambulio la UPA, na mwezi uliofuata serikali ya kikomunisti ya Poland ikaanzisha operesheni iliyoitwa Wisła. Waukraine na Walemko (jamii ya milimani iliyo karibu na Waukraine) wapatao 140,000 waling'olewa kusini mashariki, wakatawanywa familia mbili tatu hapa na pale katika ardhi zilizochukuliwa kwa Ujerumani, kwa makusudi wasiweze tena kuwa jamii. Wengi wao hawakuwa wamebeba silaha hata siku moja. Mwenye nyumba alipewa saa chache kufungasha.

Kisha ukaja ukimya. Moscow ilitaka ndugu wa kisoshalisti wasiokumbuka. Poland simulizi zilibaki jikoni, kwa minong'ono. Ukraine hazikubaki hata huko. Waukraine wa mashariki na kati walikuwa na jeraha lao lililofungwa mdomo, njaa ya 1932 na 1933 iliyoua mamilioni, na habari za Volhynia hazikuwafikia kabisa.

Ukimya huo ndio unaoeleza kinachotuchanganya leo. Mpolandi akisikia UPA anaona shoka. Muukraine akisikia UPA anaona vijana wa msituni waliopigana na Urusi peke yao hadi miaka ya mwanzo ya 1950, wakanyongwa na kupelekwa Siberia na familia zao. Kila mmoja anazungumzia UPA ya kweli. Jina la Bandera liko hivyohivyo. Wakati wa mauaji ya Volhynia alikuwa kifungoni katika kambi ya Wajerumani ya Sachsenhausen, na ndugu zake wawili walifia Auschwitz. Hakutoa amri ya 1943, lakini waliotoa walijiita watu wake, na itikadi yao ndiyo aliyoihubiri. Jasusi wa Kisovieti alimuua Munich mwaka 1959. Tangu hapo Moscow imekuwa ikimwita kila Muukraine anayetaka uhuru "mtu wa Bandera", na kadiri tusi lilivyorudiwa ndivyo Waukraine wengi walivyolivaa kama nishani. Wengi wanaoinua picha yake leo wanamjibu Putin. Hawamfikirii mwanamke wa Kisielin. Mpolandi anayeiona picha hiyo hana njia ya kulijua hilo.

Wazee wa Paris

Maridhiano yalianzia mahali pasipotarajiwa, kwenye nyumba moja nje ya Paris. Jerzy Giedroyc, Mpolandi aliyekuwa uhamishoni, alihariri huko jarida la *Kultura*. Mwaka 1952 lilichapisha barua ya padri kijana, Józef Majewski, aliyeandika kwamba Wapolandi waache kuidai Lwów, bendera ya Ukraine ipepee pale. Fikiria wasomaji wake: watu waliopoteza kila kitu katika mji huo, makaburi ya wazazi wao yako huko. Wengi walikasirika. Giedroyc na mwenzake Juliusz Mieroszewski hawakurudi nyuma. Kwa miaka walirudia hoja moja: Poland haitakuwa huru bila Ukraine kuwa huru, na Ukraine haiwezi kumwamini mtu anayetamani mji wake.

Hoja hiyo ilishinda. Tarehe 2 Desemba 1991, siku moja baada ya Waukraine kupiga kura ya uhuru, Poland ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua Ukraine, na haikudai hata kijiji kimoja. Mwaka mmoja kabla, Seneti ya Poland ilikuwa imeilaani operesheni Wisła. Kuitambua Ukraine bila kudai kitu naona ni moja ya matendo makubwa ya siasa katika Ulaya ya karne ile, na halitajwi inavyostahili.

Neno moja linaonyesha lilivyokuwa gumu. Wapolandi huita ardhi zile za mashariki *Kresy*, maana yake pembezoni, ukingo wa nchi. Kwa mjukuu wa waliofukuzwa neno hilo lina harufu ya mkate wa bibi. Muukraine anauliza: kwangu mimi hapa ni katikati, vipi nyumba yangu iwe ukingo wa nyumba yako?

Maneno na mifupa

Baada ya hapo marais walijitahidi. Kwaśniewski wa Poland na Kuchma wa Ukraine walikutana Poryck, leo Pavlivka, mwaka 2003. Mwaka 2005 makaburi ya Tai Wadogo yalifunguliwa upya Lviv baada ya mabishano marefu. Mwaka 2006 Yushchenko wa Ukraine na Lech Kaczyński wa Poland walisali pamoja Pawłokoma.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 2010 Yushchenko alimpa Bandera cheo cha shujaa wa Ukraine. Mahakama ikakifuta, lakini Wapolandi walikwisha kusikia. Mwaka 2015 bunge la Ukraine likapitisha sheria ya kuwaenzi wapigania uhuru, UPA wakiwemo. Julai 2016 rais Poroshenko alipiga magoti mbele ya mnara wa Volhynia mjini Warsaw. Wiki mbili baadaye bunge la Poland likayaita mauaji yale ya kimbari. Ukraine husema "msiba wa Volhynia". Mpolandi anasikia kana kwamba ilikuwa mafuriko, jambo lisilo na mtendaji. Muukraine akisikia "kimbari" anaona taifa lake zima limewekwa kizimbani, wakati ambapo Urusi imekwisha kuuteka Crimea. Waswahili husema mtenda akitendewa huhisi kaonewa, na pande zote mbili zimeupitia mlango huo.

Mwaka 2017 mnara wa UPA katika kijiji cha Hruszowice, Poland, ulibomolewa, na Ukraine ikajibu kwa kuzuia Wapolandi kutafuta na kufukua mabaki ya watu wao. Kibao cha kaburi la wapiganaji wa UPA kwenye mlima Monastyrz, kilichovunjwa na wahuni, kilipotengenezwa mwaka 2020 kilirudi bila majina ya waliozikwa. Hapo nakataa kuwaelewa wote wawili. Mabishano ya historia yana nafasi yake vyuoni na bungeni. Mzee wa miaka 85 anayetaka kujua mama yake alitupwa shimo gani, ili aweke msalaba, hana deni na mtu yeyote. Kuyafanya maziko kuwa karata ya kubadilishana ni kumwadhibu aliyekwisha kuadhibiwa.

Februari 2022 Urusi ilipovamia, Wapolandi hawakuuliza habari za Volhynia. Walifungua nyumba zao. Zaidi ya Waukraine milioni moja waliandikishwa kupata hifadhi, na Poland ikatoa zaidi ya vifaru 200. Wengi walidhani deni la zamani limefutwa. Halikufutwa, na mwenye kovu usidhani kapoa. Mwaka 2023 ulipoanza ugomvi wa nafaka na madereva wa malori wakafunga mpaka, Volhynia ilirudi haraka midomoni, na viongozi wa Poland wakaanza kusema wazi kwamba bila kufukua hakuna kuingia Umoja wa Ulaya. Moscow, kwa upande wake, haijawahi kuacha kupulizia moto huu.

Novemba 2024 mawaziri wa mambo ya nje wa nchi mbili walitangaza kwamba hakuna tena kizuizi cha kufukua. Masika yaliyofuata wataalamu wa Poland na Ukraine walichimba pamoja Puźniki, kijiji cha Wapolandi katika mkoa wa Ternopil kilichoshambuliwa na UPA usiku mmoja wa Februari 1945 na ambacho leo hakipo tena. Ni miti na majani. Walipata mabaki ya watu 42 au zaidi, wakachukua sampuli ili kuwalinganisha na ndugu walio hai Poland.

Walizikwa tarehe 6 Septemba 2025, palepale, katika ardhi ya Ukraine. Mawaziri wa utamaduni wa nchi zote mbili walisimama kando ya majeneza, na ndugu waliosafiri kutoka Poland wakarusha udongo kwa mikono.